Gia ya Tatu Haiingii

Bungoma,
12 Mei 2025

Gagan ndugu yangu,

Sasa? Natumai uko salama na bado unawagombeza wateja pale dukani. Nakutumia kilori chetu cha rimoti kwa gari la saa nne. Najua sheria ya marehemu baba yako, kwamba hakuna gari la kuguswa katika gereji yake kabla dereva hajaandika kwa mkono wake linaumwa wapi. Sheria hiyo umeirithi na usumbufu wake wote, hata kwa simu hutaki kuambiwa. Haya, naandika.

Gia ya kwanza inaingia. Ya pili inaingia ikipenda. Ya tatu imekataa katakata. Nasukuma kijiti cha kushoto kwenye rimoti, nasikia ile mota ndogo inayobadilisha gia, ile sevo, inanung'unika kidogo halafu basi. Kilori kinabaki kulia kwa gia ya pili hadi betri inachoka. Nimefungua giaboksi mwenyewe nikaijaza grisi, ile ya bearing za basi la shule, grisi ya maana. Ikawa mbaya zaidi. Skrubu moja ilipotea kwenye nyasi, nikatia nyingine.

Na usicheke, hata basi lenyewe limeanza tabia hiyo. Gia imekuwa ngumu, hasa pale kwa kilima baada ya daraja. Nimewaambia shule walete fundi. Ati mwaka huu vyuma vyote vimekubaliana kunichukia.

Harakisha bana. Bila kilori, Jumamosi nzima nakaa nikitazamana na Phelista, na siku hizi ananitazama vibaya.

Wako,
Khaemba


Bungoma,
12 Mei 2025

Shemeji Gagandeep,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Barua hii nimeificha chini ya sponji ya sanduku la kilori. Tafadhali Khaemba asijue. Ukinijibu, mpe dereva wa gari aniletee sokoni, kibanda changu cha vitenge anakijua.

Fundi wa shule alikuja. Akaliendesha basi mpaka kilimani na kurudi, akasema gia haina neno. Khaemba hakukuandikia hayo, sivyo?

Shemeji, naogopa. Siku hizi anashika kikombe kwa mkono wa kulia tu. Vifungo vya shati anahangaika navyo, nikimkaribia ananigeuzia mgongo. Juzi alibeba sufuria ya maji ya kuoga, ikamponyoka upande wa kushoto, akasema paka amempita miguuni. Hatufugi paka.

Gia ya basi inavutwa kwa mkono wa kushoto. Kijiti cha gia cha kilori nacho kiko kushoto. Wewe ni mtu wa vyuma, umeshaelewa ninachouliza. Kama ubovu uko kwenye kilori, niambie nimshukuru Mungu. Kama kilori ni kizima, niambie pia. Kila asubuhi watoto wa watu wanapanda nyuma yake wakiimba, na mimi nabaki mlangoni mpaka nisikie amefika.

Nilimwambia twende hospitali. Akasema nikimtaja kwa mtu yeyote wa shule, nihesabu kwamba nimemfukuzisha kazi. Udereva ndio kitu pekee anachojivunia, unamjua.

Shemeji yako,
Phelista Nakhungu


Kitale,
17 Mei 2025

Khaemba,

Wewe ni mtu mzima mwenye wajukuu, na umejaza giaboksi yenye ukubwa wa kiberiti na grisi ya basi! Nilipoifungua nilidhani nimefungua sufuria ya ugali uliolala. Meno madogo kama yale yatazungukaje ndani ya matope hayo? Nimeyaosha moja moja kwa sabuni ya vyombo na mswaki. Sasa yana grisi nyepesi, ya kupaka kwa ncha ya njiti, na usiongeze hata tone.

Halafu hiyo skrubu yako. Ni ndefu. Imepenya kifuniko ikaenda kukigusa kile kifimbo kinachosukuma gia, kwa hivyo kifimbo kinafika katikati na kugota. Gia ya tatu ingeingilia wapi? Nimetia fupi.

Na nakukumbusha tena kwa sababu hunisikilizi: usibadilishe gia kilori kikiwa kimesimama. Magurudumu yazunguke kidogo ndipo meno yapate kukutana. Unapunguza moto wa mota, unasukuma kijiti hadi mwisho, unasubiri, unaongeza moto. Hadi mwisho, Khaemba. Nusu nusu haifai.

Umenifanya nicheke peke yangu dukani mpaka mama akaja kuona kuna nini.

Gagan


Kitale,
17 Mei 2025

Shemeji Phelista,

Tulia kabisa. Ubovu nimeuona kwa macho yangu: grisi nzito na skrubu ndefu, vyote kazi ya mume wako. Hata mimi nisingeweza kukiingizia gia ya tatu kikiwa vile. Mkono wake ni mzima. Mafundi wa mabasi nao wana haraka, huenda yule hakutazama vizuri.

Lala usingizi, shemeji.

Gagandeep


Bungoma,
26 Mei 2025

Gagan,

Umesifu kazi yako kurasa mbili, na kilori kimerudi kilivyokwenda. Gia ya pili, sawa. Ya tatu, hakuna. Nimepunguza moto, nimesukuma, nimesubiri kama ulivyosema, nimesubiri mpaka majirani wakauliza kama nasali.

Sema ukweli, umezeeka? Macho yako yanaona hayo meno kweli? Lenah, yule dada anayetunza watoto ndani ya basi letu, alipita nyumbani akakijaribu, akasema hakina shida yoyote. Lakini yeye mkono wake ni wa kubahatisha tu, hajui hata sevo ni nini.

Nakirudisha. Safari hii usinifundishe kuendesha gari. Mimi nimeendesha malori ya mahindi kutoka Kachibora matope yakiwa hadi mlangoni wakati wewe bado unauza balbu. Tafuta ubovu. Upo, lazima uwepo.

Khaemba


Kitale,
3 Juni 2025

Ndugu yangu Khaemba,

Uliyosema ni kweli, ubovu ulikuwepo na mimi sikuuona. Sevo ilikuwa imechoka, haina nguvu ya kusukuma mpaka gia ya tatu. Nimeirekebisha. Pia nimegusa mpangilio wa rimoti: zamani ilikuwa ikingoja kijiti kifike mwisho, sasa inasikia hata kikiguswa tu. Weka kidole, hata kwa uvivu, na gia itaingia.

Samahani kwa usumbufu. Jumamosi njema.

Gagan


Kitale,
3 Juni 2025

Shemeji Phelista,

Afadhali nikuandikie wewe yaliyo kweli.

Kilori hakikuwa na ubovu wowote. Nilikipakia pakiti za unga, nikakipeleka kwenye barabara ya mteremko ya Tuwan, nikakipandisha na kukishusha mpaka mvua ikanifukuza. Gia ya tatu iliingia kila mara. Sevo ni nzima. Nilikaa kwenye hatua za duka la mtu nikiwa nimeshika rimoti, na nilijisikia vibaya sana, kwa sababu nilikuwa nimekuambia ulale.

Sikuweza kumwandikia hivyo. Aliniandikia juu ya ubovu: "Lazima uwepo." Nilishika kalamu mara nyingi nikashindwa. Basi nikalegeza mpangilio ili kidole dhaifu kitoshe. Moyo wake ukitulia atakubali kusikiliza, na hapo umpeleke hospitali polepole, bila vita. Mtu aliyeogopa hapelekwi popote.

Ninakwenda Kisumu kwa harusi ya Shweta, mtoto wa dada yangu. Nikirudi nitakuja Bungoma mwenyewe nizungumze naye. Mpe siku hizi chache tu.

Gagandeep


Bungoma,
10 Juni 2025

Gagan, Gagan, Gagan!

Nimepona! Namaanisha kilori kimepona. Wee! Nakigusa tu hivi, tatu imeingia. Nimekiendesha uwanjani mpaka jua likazama, kwanza, pili, tatu, tatu, tatu. Nimemwonyesha Phelista, nikamwambia tazama, mkono wa kushoto huu hapa, una shida gani? Akaingia jikoni. Wanawake hawapendi kushindwa.

Sasa kwa vile nimefurahi, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilikuwa na wasiwasi, bana. Mkono huu ulikuwa unakufa ganzi, vidole vinashika kitu halafu vinasahau. Tangu shule zifunguliwe, si mimi niliyekuwa nikivuta gia za basi. Lenah anakaa kiti cha mbele. Mimi nakanyaga klachi, nasema "mbili", yeye anavuta. Nasema "tatu", anavuta. Amekuwa hodari kuliko mataniboi wote wa malori niliowahi kufanya nao kazi. Watoto wanadhani ni mchezo, basi lote linapiga kelele "tatu!" pamoja nami. Usiku nilikuwa nikijiuliza, je, nikisema "moja" pale kilimani asinisikie kwa hizo kelele?

Lakini kumbe ilikuwa hofu tu! Nilijitia ugonjwa kwa sababu ya kilori kibovu, nikaanza kuogopa na gia za basi. Haki ya Mungu, mtu anaweza kujimaliza kwa mawazo. Nimeshamwambia Lenah kuanzia kesho akae nyuma na watoto, ndiyo kazi aliyoajiriwa. Nitavuta gia zangu mwenyewe.

Asante sana, ndugu yangu. Hujui umenitua mzigo gani.

Khaemba


Bungoma,
13 Juni 2025

Shemeji,

Nimekupigia tangu jana hupatikani, kwa hivyo naandika.

Jana asubuhi basi lilirudi nyuma pale kilimani baada ya daraja. Lilikuwa limejaa. Gia ya pili ilishindwa kupanda, Khaemba akataka kurudi ya kwanza, mkono ukakataa. Akaachia usukani akavusha mkono wa kulia kutafuta gia, basi likaanza kuteremka. Alipokanyaga breki, matairi ya nyuma yalikuwa yameshaingia mtaroni, kando ya shamba la miwa. Mungu ni mwema, mtaro uko upande ule. Upande wa pili ni mto.

Mtoto mmoja amepasuka mdomo. Wengine ni kulia tu. Lenah alikuja kibandani kwangu hata viatu hana, akanieleza kila kitu, hiyo habari ya kumvutia gia tangu mwanzo wa muhula. Nilikaa chini kwenye vitenge. Anasema alisikia Khaemba akiita "moja", akasimama akimbie mbele, watoto wakawa wamejaa njiani.

Khaemba amewaambia shule ni giaboksi. Wameamini, maana alikuwa ameshalalamika awali. Wanatafuta fundi mwingine. Wakipata basi la kukodi, Jumatatu anaendesha. Unasikia? Jumatatu anaendesha.

Nilimwambia, "Mkono wako unaumwa," akaniletea kilori. Akakiendesha mbele yangu, akasema Gagandeep mwenyewe amehakikisha. Ulisema nimpe siku chache moyo wake utulie. Umetulia kweli, shemeji. Ulitulia mpaka akamrudisha Lenah nyuma.

Sikukuomba umfariji. Nilikuomba ukweli. Sasa umwambie yeye, kwa mwandiko wako, maana mimi haniamini tena.

Phelista


Kitale,
15 Juni 2025

Khaemba,

Nimerudi kutoka harusini jana jioni nikakuta barua yako ya tarehe kumi na ya Phelista zimewekwa pamoja juu ya mizani ya dukani. Nilizisoma nikiwa bado nimesimama na begi. Nilikupigia, simu imezimwa. Nilipiga tena asubuhi, imezimwa. Natuma barua hii kwa gari la kwanza, na dereva nimemwambia asimpe mtu mwingine yeyote isipokuwa wewe mkononi.

Giaboksi ya kilori ilikuwa nzima. Mara ya kwanza nilipata grisi na skrubu, hiyo ni kweli. Mara ya pili sikupata kitu. Hakuna sevo iliyochoka. Nilikudanganya. Niliipanga rimoti isikie hata kidole kisicho na nguvu, kwa sababu uliandika kwamba lazima ubovu uwepo na nikakuonea huruma. Huruma hiyo imekupeleka mtaroni na watoto wa watu. Tangu jana sijaweza kula.

Usiniamini mimi tena, jaribu mwenyewe. Washa rimoti. Bonyeza kile kitufe cha juu mpaka taa iwe nyekundu, sukuma kijiti cha gia juu hadi mwisho, kishushe chini hadi mwisho, achia kitufe. Mpangilio umerudi wa zamani. Sasa kiendeshe uwanjani, utie gia ya tatu kwa dole gumba la kushoto. Halafu mpe Phelista atie yeye. Ikikataa kwa wote wawili, njoo Kitale unitukane mbele ya mama yangu.

Ikikataa kwako peke yako, hutaingia ndani ya basi kesho. Nimempa mama funguo za duka. Kesho kabla basi halijatoka, nisipokuwa nimepata habari kwamba umemwambia mwalimu mkuu, nitakuwa ofisini kwake mimi, na nitasema yote, ya kwako na ya kwangu. Utanichukia. Sawa.

Gagan


Bungoma,
17 Juni 2025

Gagan,

Mwalimu mkuu alikupigia, kwa hivyo unajua nilikwenda. Sikuandika jana kwa sababu nilikuwa na hasira na wewe, na hasira ilipokwisha sikuwa na kitu kingine cha kushika.

Nilifanya ulivyosema. Taa nyekundu, juu, chini, achia. Nikakitembeza, nikasukuma. Haikuingia. Nikasukuma tena mpaka kidole kikaanza kuruka ruka chenyewe. Nikampa Phelista. Hajawahi kushika rimoti hiyo maishani mwake. Tatu iliingia. Akaiweka chini kwenye nyasi polepole. Afadhali angenitukana.

Asubuhi nilivaa shati la kazi. Sijui kwa nini. Phelista alinifunga vifungo na safari hii sikugeuka. Mwalimu mkuu nilimwambia basi halina ubovu, wasihangaishe fundi. Nikamwambia habari ya Lenah, kwamba ni mimi niliyemlazimisha na asiguswe. Akasema, "Khaemba, mtoto wangu hupanda basi hilo." Nilikuwa najua. Huwa anakaa nyuma yangu kabisa, anahesabu ng'ombe dirishani. Niliweka funguo mezani nikatoka, na nilipofika getini nilikuwa nalia, bana, watu wakinitazama.

Nimekwenda hospitali. Daktari ni kijana mpole, Kibiwott. Alinigonga magoti na viwiko, akanifanya nimfinye vidole, akataka nipigwe picha ya shingo. Amesema inaweza kuwa mshipa wa fahamu umebanwa, huo una tiba. Na inaweza kuwa kitu kingine. Hicho kingine hakukitaja, na mimi sikuuliza. Nilimwuliza habari ya mvua.

Ijumaa narudi kusikia majibu.

Phelista atakuja nami. Lakini yakiwa mabaya, yeye atakuwa na kazi ya kujikaza asinitishe, na mimi nitakuwa na kazi ya kumchekesha, na hakuna atakayemsikia daktari. Wewe ukiwa na jambo la kuuliza huchekeshwi. Njoo ukae upande wangu, uniulizie hicho kingine kinaitwaje.

Naogopa, Gagan. Nimeliandika hilo, nikalisoma tena, nikaliacha.

Khaemba


Kitale,
18 Juni 2025

Khaemba,

Ijumaa duka limefungwa. Nitafika kwenu kabla hamjanywa chai. Nitauliza kila kitu, na akijibu kwa maneno ya kidaktari nitamwuliza tena mpaka aseme kwa maneno yetu, na wewe utasikia, na sitakupunguzia hata moja.

Na mimi naogopa.

Gagan